Ile Datsun ya chini ya mwembe, Tabora 1987

Niliinunua kwa shilingi elfu tisini taslimu, madebe sita ya asali na sharti moja. Hilo sharti ntalieleza huko mbele maana ndo roho ya stori yote, zile elfu tisini zilishasahaulika zamani lakini sharti nalikumbuka kila nikisikia adhana ya Ijumaa.

Nlikuwa na miaka 25. Kazi yangu ilikuwa asali na nta, nanunua Sikonge, Ipole na vijiji vya ndani kule msituni kwa wazee wa mizinga ya magome, naleta Tabora mjini, nachuja, najaza kwenye madebe, napakia kwenye treni mpaka Dar. Debe la asali sio mchezo, la maji lina kilo 20 lakini la asali linafika kilo 28 hivi, mtu ambaye hajazoea akilinyanyua mara ya kwanza anashtuka. Hela nlikuwa naweka kwa mama, Ipuli, kwenye kopo la maziwa ya unga. Lengo lilikuwa pikapu ya kubebea mzigo. Mama alijua hivyo, majirani walijua hivyo, na mimi mwenyewe nlijua hivyo mpaka siku nilipopeleka asali kwa mzee mmoja pale Gongoni.

Ila ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 1971 nlikuwa na miaka tisa. Kwa kinyozi wetu kule mtaa wa Ng'ambo, hapohapo Tabora, kulikuwa na picha ya kalenda imebandikwa ukutani, gari nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11 mlangoni, imejaa tope mpaka kwenye vioo. Ndo ile Datsun 240Z iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka ule, dereva Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller. Enzi hizo mashindano yalikuwa yanazunguka Kenya, Uganda na Tanzania, vumbi, tope, ng'ombe barabarani, mito imefurika, na magari mengi yalikuwa yanafia njiani kabla hata ya kufika nusu. Kinyozi ananigeuza kichwa upande huu, mimi narudisha shingo kuangalia picha, mpaka ananifinya sikio nitulie. Halafu 1973 tukasikia kwenye redio imeshinda tena, safari hii dereva ni Shekhar Mehta, Mhindi wa Uganda ambaye familia yao ilikuwa imetoka kukimbia kwa Amin mwaka uliotangulia tu. Yeye na mwenzake Lofty Drews walimaliza sawasawa kabisa kwa pointi na Mswidi Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi bila kupata penati, ndo wakampa Mehta. Mimi na wenzangu tulibishana juu ya hiyo hesabu wiki nzima shuleni. Kwahiyo muelewe, ile gari kwangu haikuwa gari ya matajiri wa Ulaya. Ilikuwa gari iliyoshinda kwenye barabara kama zetu, na mimi nlikuwa naijua sura yake kama ninavyojua sura ya mjomba wangu.

Sasa siku hiyo Gongoni. Mzee mwenyewe alikuwa Mwarabu wa hapahapa Tabora, babu yake kazaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba ukimsikiliza unatamani asimalize. Nyumba ya zamani, mlango wa mninga wenye nakshi, nyuma uwanja mpana na mwembe mkubwa. Si mnajua miembe ya Tabora, mji mzima uko chini ya miembe. Nimeshusha debe, nataka kunawa mikono, bibi wa nyumba akaniambia pita nyuma kuna bomba. Nikapita. Chini ya mwembe kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai, turubai lenyewe limechanika, juu maembe yameoza, kinyesi cha popo, majani ya miaka na miaka. Pale palipochanika ikatokeza taa moja. Taa imezama ndani ya bodi kama jicho ndani ya tundu.

Nilisahau kunawa. Nilisimama pale na mikono inanata asali.

Niliporudi mbele nikamuuliza, Shikamoo tena mzee, ile gari ya nyuma ni ya nani? Akaniangalia. Akasema, "Ile haiuzwi mwanangu. Mwenyewe yuko Maskati." Sikuwa nimeuliza kama inauzwa. Nadhani alishaulizwa na wengi, tena watu wa spea, wale wanaotaka injini tu au viti tu halafu bodi linabaki kuwa banda la kuku.

Gari ilikuwa ya mwanae wa kwanza. Aliinunua Dar mwaka 1975 kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, akaileta Tabora kwa treni, akaiendesha miaka minne tu. Ikaja vita ya Kagera, petroli ikawa ya kupanga foleni, na yeye mwaka 1979 akaondoka kwenda Maskati, Oman, kama ndugu zake wengi walivyoondoka. Akasema atarudi. Baba yake akaifunika turubai. Ndo ikakaa miaka minane.

Nilienda kwa yule mzee miezi saba. Sio kuuliza gari, hapana, nlikuwa naenda kupeleka asali na kukaa naye barazani kunywa kahawa, na nisipopita wiki mbili anatuma mtoto kuniuliza kama naumwa. Siku moja mwezi wa sita akatoa barua mfukoni, akavaa miwani, akanisomea mstari mmoja tu. Mwanae alikuwa ameandika: baba, muuzie atakayeiwasha, usimuuzie wa kuichinja.

Akakunja barua. Akaniuliza, "Utaiwasha?"

Nikasema ntaiwasha mzee. Hapo sijui hata kubadilisha plagi.

Bei aliitaja yeye, elfu tisini, na madebe sita ya asali ya kumpelekea mwanae na ndugu zake huko Oman, maana wale watu asali kwao ni kitu kikubwa na ya Tabora wanaijua. Halafu sharti. Akasema, "Kila Ijumaa, baada ya sala, upite nayo hapa mlangoni. Usimame. Usizime. Niisikie."

Basi.

Mama nlimwambia usiku. Alikuwa anapepeta mchele, akaacha. Akasema mwanangu, pikapu inabeba madebe arobaini, hiyo yako inabeba mangapi? Nikasema mayu, watu wawili na madebe matatu labda manne nyuma. Akakaa kimya muda mrefu halafu akaenda ndani akatoka na kopo, akaliweka kwenye mkeka katikati yetu. Hakusema neno lingine usiku ule. Asubuhi nikamwamkia, mwangaluka mayu, akaitika akaniuliza rangi gani. Nikamwambia ilikuwa ya chungwa, sasa hivi imekuwa kama papai lililoiva sana. Akacheka kidogo, nikajua nimesamehewa.

Kuitoa Gongoni mpaka kwa fundi Cheyo ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Breki za nyuma zilikuwa zimeng'ang'ania, madramu tukayagonga na nyundo taratibu mpaka yakaachia, tairi tukazijaza upepo zikashika mbili, mbili tukaazima. Vijana kumi na wawili tunasukuma, watoto wanakimbia nyuma wanapiga kelele. Mzee alisimama mlangoni mpaka tumekata kona.

Fundi alikuwa mstaafu wa karakana ya reli, mtu mzima, mikono mikubwa, anaongea maneno machache, gereji yake ni mwembe mwingine tu na boksi la spana. Alifungua boneti, ile boneti ndefu inafungukia kwa mbele, akaangalia ndani bila kugusa kama dakika tano. Silinda sita mstari mmoja, ujazo cc 2,393, kabureta mbili zimekaa ubavuni. Akasema, "Hii ni ile ya Datsun wan-siksi-jei, wameongeza silinda mbili tu." Mimi nikadhani ananituliza moyo. Kumbe ni kweli kabisa, injini ya Datsun 160J na hii ya 240Z ni familia moja, na kipenyo cha silinda ni kilekile milimita 83. Hicho ndo kilichoniokoa, kwasababu spea za 240Z Tabora unazitoa wapi, hata Dar unazitoa wapi, lakini za 160J zilikuwepo.

Injini ilikuwa imegoma kuzunguka. Alitoa plagi zote sita, akamimina oili iliyochanganywa na mafuta ya taa kwenye kila tundu, akafunika na vitambaa, akaniambia nenda kauze asali, rudi baada ya siku nne. Nikarudi siku ya pili. Akaniangalia tu, akaendelea na kazi zake. Siku ya nne tukaweka gia ya nne tukawa tunaisukuma mbele nyuma, mbele nyuma, ndani ya gari hakuna mtu, jasho linatoka, ikawa kama ukuta. Halafu ikatoa mlio mdogo, kk, tairi zikasogea kidole kimoja. Fundi akasema imekubali.

Ringi za pistoni zilikuwa zimekufa. Nikapanda treni mpaka Dar na madebe yangu ya asali kama kawaida, nikauza, nikaingia Kariakoo nikanunua seti mbili za ringi za 160J, maana seti moja ni ya pistoni nne na mimi nahitaji sita. Fundi akazipima moja moja na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kabla ya kufunga, mbili zikakaa vibaya akazitupa pembeni, bahati nzuri seti ya pili ilikuwa na za ziada. Bodi nako kulikuwa na maumivu yake. Hizi gari kutu inaziua, inaanzia chini ya betri pale asidi inapodondokea, halafu sakafuni, halafu mlango wa nyuma. Sakafu upande wa abiria uliweza kuona ardhi. Fundi bodi akakata bati la pipa la oili akachomelea, kwa ndani ukiinua kapeti unasoma herufi za pipa, na mimi sikutaka zipakwe rangi.

Iliwaka mwezi wa kumi, siku ya Jumatano jioni. Moshi mweupe, kunguru wote wakaruka kwenye mwembe, inakohoa, inamisi, inataka kuzima, fundi ameshika waya wa kabureta anaibembeleza kwa mdomo kama mtoto. Ikashika. Mimi nlitaka kupanda niendeshe palepale. Akanikatalia. Akasema hii inaongea sauti mbili, kabureta moja inavuta zaidi ya mwenzake, ukiiendesha hivi unaiumiza.

Na hapa ndo nataka nieleze vizuri kwasababu ni kitu ambacho sijaona mtu anafanya siku hizi. Alichukua mpira wa maji wa nusu mita, ule wa kawaida wa kunyonyea petroli. Ncha moja akaiweka mdomoni mwa kabureta ya mbele, ncha nyingine sikioni kwake. Akasikiliza, macho amefumba. Akahamisha kwenye kabureta ya nyuma, akasikiliza. Akazungusha nati robo. Akarudi ya mbele. Hivyo hivyo kama nusu saa. Halafu akanipa mimi mpira. Unasikia upepo unaingia, shhhh, ya mbele ina shhhh nzito, ya nyuma nyembamba kidogo kama mtu anapumua na pua moja. Akaniambia zungusha wewe. Nikazungusha, nikasikiliza, nikazungusha, na kuna sekunde ambayo shhhh ya mbele na ya nyuma zikawa kitu kimoja na palepale injini nzima ikatulia, ile kutikisika ikaisha, ukaweza kuweka shilingi juu ya kava la tapeti ikasimama wima. Nakwambia ukweli nlilia. Fundi alijifanya anatafuta spana.

Juu ya kila kabureta kuna kikombe chenye pistoni yake inayopanda na kushuka, ndani inatiwa oili nyepesi kidogo. Hatukuwa na oili yake, tukatia mafuta ya cherehani ya mama. Zilifanya kazi miaka yote.

Ijumaa ya kwanza. Nimevaa kanzu japo mimi sio Mwislamu, nliona tu ni heshima. Nimekuja taratibu, gia ya pili, watu wanatoka msikitini wanasimama kando. Mzee yuko mlangoni tayari, kiti kimetolewa. Nikasimama. Sikuzima. Hakuja karibu, hakuigusa, hakuangalia hata rangi. Alikaa ameinamisha kichwa na sikio moja ameligeuzia gari kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Dakika tatu nne hivi. Akanyanyua mkono, akaupunga mara moja, maana yake nenda.

Hivyo ikawa kila Ijumaa. Mvua, jua, Ramadhani, nikiwa Tabora napita. Nikiwa Dar au msituni nampa taarifa kabla.

Kama Ijumaa ya sita nikakuta meza ndogo imetolewa barazani na juu yake redio kaseti. Wakati ule watu wenye ndugu nje walikuwa wanatumiana kaseti badala ya barua, unarekodi sauti za nyumbani, salamu za kila mtu, hata jogoo, unampa mtu anayesafiri. Mzee akabonyeza, akasema Assalaam alaykum mwanangu, leo ni Ijumaa, nakupa umsikilize mtu. Akanionyesha kwa kidole. Nikakanyaga mafuta kidogo kidogo, nikaachia, nikakanyaga tena, nikaiacha silensa, iungurume yenyewe bila kukanyaga mafuta. Kaseti ikazunguka mpaka upande ule ukaisha wenyewe, tak. Bibi akatoa kahawa.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili na nusu. Lilikuja kwa barua, mzee akanisomea lote safari hii. Mwanae alisema aliisikiliza usiku peke yake na mara ya pili na watoto wake waliozaliwa huko. Alishukuru. Halafu mwishoni ameandika: mwambie kijana tapeti zimelegea, za upande wa moshi, silinda za nyuma.

Sasa fikiria. Mtu yuko Maskati, bahari nzima katikati, anasikiliza kaseti ya kurekodi kwa redio ya mkulima. Nikaenda mbio kwa fundi. Akacheka, mara ya kwanza namwona anacheka kwa sauti. Tukaiwasha ikapata moto kwanza kwasababu hizi zinapimwa injini ikiwa ya moto, tukafungua kava, tukapima na fila geji nafasi ya tapeti kwenye kila vali, za kuingiza hewa zinatakiwa milimita 0.25, za kutolea moshi 0.30. Za mbele zote sawa. Silinda ya tano na ya sita, za kutolea moshi, zilikuwa zimelegea. Zote mbili.

Fundi akakaa chini kwenye kigoda. Akasema huyo mtu hakuacha gari hapa, aliacha sikio.

Watu wananiulizaga ilikuwa na spidi gani. Jamani, Tabora ya miaka ile lami ilikuwa vipande vya mjini tu, ukitoka nje ni mchanga kiangazi na masika ni tope jeusi la mbugani linalonasa kama gundi. Tuliinyanyua springi kidogo, tukafunga bati nene chini ya oili, na nikajifunza kuendesha kwenye mchanga bila kushika breki, unaacha pua itafute njia. Njia ya Sikonge kama kilomita 70 nlikuwa natumia masaa mawili, ukipata kipande kigumu unaweka gia ya tatu unakanyaga na ule mlio unaingia msituni unarudi kutoka kwenye miti pande zote mbili. Hapo nlikuwa naikumbuka picha ya kinyozi. Kila mara.

Tatizo lake lilikuwa joto. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, ukisimama dakika kumi petroli inachemka kwenye paipu juu ya injini inakuwa hewa, pampu inavuta hewa tupu, gari inakataa. Dawa ni kitambaa kilicholowa maji unakizungushia kwenye pampu na paipu unasubiri. Mama alinipa khanga yake ya zamani kwa kazi hiyo, ilikaa nyuma ya kiti miaka tisa.

Na asali ilibeba, ndio. Madebe matatu, nne nikiyalaza vizuri. Mwaka 1988 debe moja likapasuka mshono njiani kutoka Ipole na asali ikaingia chini ya kapeti, kwenye yale mabati ya pipa, sehemu ambazo huwezi kufika. Tuliosha na maji ya moto mara ngapi sijui. Tangu siku ile ukiiegesha juani nyuki wanakuja. Sio wakali, wanakuja tu wanazunguka mlango wa nyuma, wanaingia wanatoka. Watoto wa Ipuli walikuwa wanajua gari imelala wapi kwa kufuata nyuki. Na ukifungua mlango mchana inatoka harufu ya asali, petroli na vinyl ya moto kwa pamoja, ningeweza kuitambua leo hii nimefumba macho. Ijumaa moja mzee aliinuka kwenye kiti, mara ya kwanza, akaja mpaka dirishani akavuta pumzi. Akasema mashallah. Akarudi kukaa.

Alifariki 1994, mwezi wa nne, masika. Nilikwenda mazikoni kwa miguu. Ijumaa iliyofuata sikupita. Nliona nyumba ina msiba, kwenda kuunguruma pale mlangoni ni kukosa adabu, nikasema nisubiri arobaini. Arobaini ikaisha, nikaona aliyekuwa anasikiliza hayupo, nikaacha.

1996 mama aliumwa, ikabidi tumpeleke Dar na matibabu yalikuwa ya hela nyingi. Sikufikiria mara mbili. Mtu wa Dar alikuwa anaitaka tangu mwaka mmoja nyuma, akaja na hela akaihesabu mezani. Mama akapona, akaishi miaka mingine kumi na moja. Siku hizi watu wananitumia habari za minada, mwaka 2020 kuna 240Z ya 1971 iliuzwa Marekani dola 310,000 wakati zilipoanza kuuzwa kule moja ilikuwa dola 3,526, wananiuliza vipi roho haikuumi? Hapana. Miaka kumi na moja ya mama siwezi kuiweka kwenye mnada.

Kinachoniuma ni kingine. Siku ya kuipeleka stesheni kupakia kwenye behewa la wazi ilikuwa Jumanne. Nikaona siwezi kuondoka nayo bila kupita Gongoni. Nikaja taratibu, gia ya pili, nikasimama pale pale. Mlango wa mninga umefungwa, baraza tupu. Nikaiacha inaunguruma dakika kadhaa, halafu nikazima nishuke niende kubisha hodi nimsalimie bibi.

Kabla sijafika mlangoni dirisha la juu likafunguka. Bibi alikuwa amezeeka sana, ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Nikasema shikamoo bibi. Akaitika marahaba. Halafu akaniuliza, "Mbona uliacha kupita mwanangu? Na mimi nilikuwa nasikiliza. Miaka yote, humu ndani."

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye gari nikawasha.